Matairi ya Theluji Kwenye Lami ya Emali

Mtu akileta gari, ninyi vijana humuuliza saizi ya tairi. Kumi na tatu au kumi na nne? Nami niliuliza hivyo kwa miaka mingi. Mzee Ndolo, aliyenifundisha kazi hii hapa Machakos mjini, hakuanza na saizi. Alikuwa akiinama dirishani, anamsalimu mwenye gari, anauliza habari za watoto, kisha anasema, "Kila siku unaenda wapi? Na mara moja moja unaenda wapi?" Wengine walidhani ni umbea. Mteja mmoja alimjibu, "Kwani wewe ni bibi yangu?" Mzee hakucheka. Aliuliza tena.

Swali lile lina sehemu mbili kwa sababu gari moja huishi maisha mawili. Siku sita liko kwenye lami kavu, jua limewaka, lami inanuka. Jumamosi linapanda vilima vya Mua au Iveti kwenda nyumbani, na kama mvua imenyesha, ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mzee Ndolo alitaka sehemu ya kwanza ndiyo ichague tairi, na sehemu ya pili itafutiwe njia nyingine. Mimi niligeuza. Nilichagua tairi kwa ajili ya safari ile ya mara moja moja, na nitawaeleza kilichotokea, ingawa aliyeumia si mimi.

Msidhani sikuwahi kukosea kabla ya hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau koleo la kung'olea misumari ndani ya tairi la mchungaji mmoja. Alirudi siku ya tatu akiwa na wazee wawili wa kanisa.

"Kijana," aliniambia, "hii gari iko na kitu. Ikitembea inabisha, ikisimama inanyamaza. Tumeiombea mara mbili."

Mzee Ndolo alilivua tairi, akaingiza mkono, akatoa koleo, akalipangusa kwa shati langu nikiwa nimelivaa. "Mchungaji, pepo lako ni hili," alisema, akininyooshea kidole. "Linaitwa Kioko."

Mchungaji alicheka hadi akashika bodi ya gari. Ninalipenda kosa lile hadi leo. Lilitoka kwa mkono, mwenye gari akaonyeshwa, watu wakacheka, gari likaondoka kimya. Natamani makosa yangu yote yangetoka hivyo.

Mzee alinifundisha kutumia ukucha wa kidole gumba. Unaubonyeza kwenye mpira wa tairi. Ukiteleza kama juu ya chupa, tairi limezeeka hata kama meno yake ni marefu. Ukizama kidogo na alama ikarudi, ni zima. Alinifundisha kupitisha mgongo wa mkono ndani ya tairi badala ya vidole, kwa sababu mgongo wa mkono unahisi msumari kabla haujakuchoma sana. Alinifundisha kupaka maji ya sabuni kwenye valvu na kutazama mapovu. Na kwa wale wa milimani, alinifundisha kamba za katani. Unachukua kamba nene, unaipitisha kwenye matundu ya rimu na kuizungusha juu ya tairi, mara nne au tano kwa kila gurudumu linalovuta, unafunga fundo upande wa ndani. Gari linapanda matope kama mbuzi. Ukifika kwenye lami unazifungua. Zikibaki zitakatika na kuzunguka akseli.

"Lakini Mzee," nilimuuliza wakati mmoja, "si rahisi kuweka tairi za matope tu na kusahau?"

"Ni rahisi," alisema. "Hata kulala na viatu ni rahisi."

Baadaye alihamia Mlolongo, kule malori yanakopimwa uzito, akafungua kibanda cha tairi kubwa. Mimi nikabaki Machakos na karakana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilisoma Kiingereza vizuri, na nilijiona fundi kamili.

Ndipo ikaja mvua ya El Niño. Wazazi wenu wanaikumbuka. Barabara ya Mua ilikuwa mfereji. Wakati huo nilikuwa nauza matairi yaliyotumika Japani, na katika mzigo mmoja nikakuta mengine ya namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Meno yalikuwa marefu na mapana, na kila jino lilikuwa na mikato midogo mingi kama imechorwa kwa wembe. Mpira ulikuwa laini ajabu. Ukucha wangu ulizama kama kwenye nyama. Ubavuni kulikuwa na maandishi ya Kijapani na alama ndogo kama ua lenye ncha sita. Nilidhani ni pambo.

Nilisema moyoni, haya ni ya matope.

Mteja wa kwanza niliyemfikiria ni Mwalimu Musembi. Alifundisha hesabu katika sekondari moja ya hapa mjini, naye nyumbani kwao kulikuwa Mua, ambako mama yake mzee aliishi peke yake. Alikuwa na gari jeupe, refu nyuma, alilolipenda mno. Mkewe, Mama Mwende, alikuwa akimtania kuwa anaoga mara moja na gari linaoga mara mbili. Tulikuwa marafiki. Tulikaa benchi moja kanisani.

"Kioko," aliniambia Jumatatu moja, matope yamemfika magotini, "jana nimeacha gari chini na kupanda kwa miguu, nimeshuka sasa hivi. Mwaitu ni mgonjwa. Siku moja nitahitaji kumshusha na sitaweza."

Mwaitu ni mama yetu, kwa Kikamba. Alipomtaja hivyo sikuuliza Mwalimu huenda wapi kila siku. Nilimfungia yale matairi yote manne.

Wiki mbili baadaye alikuja karakanani akipiga honi kutoka mbali. Mama yake alikuwa amezidiwa, mvua ikinyesha, na gari lile lilipanda Mua na kushuka bila kuteleza hata mara moja. Mwaitu alifikishwa hospitali akapona. Mama Mwende alishuka garini akanishika mikono yote miwili.

"Fundi, Mungu akubariki. Umetuokolea mtu."

Maneno yale yalinilewesha. Watu walianza kuja kuulizia tairi za Mwalimu, nami niliwafungia hadi mzigo ukaisha.

Mvua ilipokatika, malalamiko yakaanza. Mmoja alisema gari linayumba likiwa kwenye lami, kama linaogelea. Mwingine aliniambia tairi zinanuka mpira akisimama. Nilitazama na kuona kingo za meno zimetafunwa. Niliwaambia ni upepo mdogo, nikaongeza upepo. Niliwaambia ni barabara mbaya. Nilikuwa na jibu kwa kila mtu, na kila jibu nililitoa kabla ya kuinama na kutazama.

Jumatatu ya wiki ya Pasaka nilienda Mlolongo kumwona Mzee Ndolo, nikabeba tairi moja kati ya yale, lililorudishwa na mteja. Nilitaka kumwonyesha nilivyoendelea. Alilibonyeza kwa ukucha, akaligeuza, akalitazama lile ua la ncha sita. Uso wake ulibadilika.

"Umeuzia watu hizi?"

"Ndiyo. Ni za matope, Mzee."

"Si za matope. Ni za theluji. Kule kwao kuna miezi ya baridi, hizi huvaliwa wakati huo tu. Mpira umefanywa laini ili usigande kwenye barafu. Joto likija wanazivua, wanaweka zingine." Alinyoosha mkono wake wa kushoto, nikaona kovu jipya kutoka kiwiko hadi kifundo. "Mimi nilifungia mtu wa pikapu. Akarudi kutoka Namanga tairi imepasuka, waya zake zikanichana nikiitoa. Baharia mmoja ndiye alinieleza. Kioko, lami yetu saa saba ya mchana ni jiko. Gari ikiwa na mzigo na mwendo, hiyo ngozi inamenyeka kama ganda la ndizi. Rudi. Watafute wote. Leo."

Theluji pekee niliyowahi kuiona maishani ni ile ya Mlima Kenya, kutoka Mua, asubuhi angavu, doa jeupe mbali sana. Nilirudi Machakos nikiwa nimelishika tairi lile mapajani.

Alisema leo. Jumanne sikwenda kwa mtu. Nilijiambia nitafute kwanza matairi ya kubadilishia. Jumatano nilikwenda shuleni kumtafuta Mwalimu, nikakuta wamefunga, na nikashukuru kwamba hakuwapo. Andikeni hilo, kwamba nilishukuru.

Alhamisi, mchana wa saa tano hivi, Mwalimu aliingia karakanani mwenyewe. Gari lilikuwa limejaa. Walikuwa wanaenda Makindu, kwa kina Mama Mwende, kula Pasaka. Nyuma kulikuwa na magunia mawili ya viazi, kreti za soda na kuku wawili waliofungwa miguu. Mwende, binti yao wa kidato cha tatu, alikuwa amejibana kando ya gunia akisoma kitabu. Mama Mwende alikuwa mbele, leso mpya mabegani.

"Fundi, weka upepo twende," Mwalimu alisema. "Hizi tairi zako nazipeleka zikaonwe na mashemeji."

Karakana ilikuwa na watu wengi siku hiyo, kama ilivyo kabla ya sikukuu. Watatu kati yao walikuwa na matairi yale yale. Walikuwa wanasikiliza. Mmoja alisema, "Mwalimu, hizo zako zimepanda mlima wa Sinai," watu wakacheka.

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, kushoto, bomba la upepo mkononi. Maneno yalikuwa mafupi. *Usiende nazo.* Hayazidi hayo. Lakini ningeyasema mbele ya wale watatu, na wale watatu wangesimama na kuniuliza, na jina langu lingekwisha mchana ule. Niliweka upepo, nikafunga kifuniko cha valvu. Nikainuka, nikamwambia Mwalimu kupitia dirishani, "Enda polepole, ndugu yangu. Jua ni kali."

"Mimi ni mtu wa themanini," alisema. "Unanijua."

"Namjua," Mama Mwende alisema. "Hata punda hutupita."

Waliondoka. Nilisikia habari saa kumi. Kati ya Sultan Hamud na Emali, tairi la nyuma la kushoto lilipasuka, gari likabingirika. Mama Mwende alifia palepale. Mwende alivunjika mkono. Mwalimu alitoka na mikwaruzo tu, na hilo ndilo watu hawakumsamehe.

Siku ya mazishi kaka wa marehemu alisimama akasema, mbele ya jeneza, kwamba dada yake ameuawa na mwendo wa kasi. Alimtazama Mwalimu aliposema hivyo. Watu waliguna kukubali. Mwende, mkono umefungwa plasta, alikuwa amesimama upande wa wajomba zake. Nilikuwa mmoja wa waliolishusha jeneza. Niliposikia maneno yale kamba ilikuwa mikononi mwangu, na nilitazama kamba.

Baada ya hapo niliwafuata wote waliobaki, mmoja mmoja. Niliwavua matairi yale na kuwafungia mengine, nikiwaambia nimepata mazuri zaidi. Yale ya theluji niliyachoma. Hakuna mwingine aliyeumia. Nilijidanganya kwamba nimelipa.

Mwende alienda kuishi Makindu na wajomba, kisha akapata kazi kiwandani Athi River na chumba Mlolongo. Hakurudi kwa baba yake. Mwalimu hakushika usukani tena. Aliacha kuja kanisani, akastaafu mapema, akarudi Mua kulima matunda ya plamu. Alipokuja mjini alinisalimu vizuri, kwa upole, na salamu zake zilikuwa nzito kuliko matusi.

Ilipita miaka minane. Siku moja alisimama karakanani, kofia mkononi.

"Mwende anaolewa," alisema. "Mbuzi wa ntheo watapelekwa Makindu, kwa wajomba. Nimeletewa habari tu."

Kwa wale msio Wakamba, ntheo ni mbuzi watatu wanaoletwa na upande wa kijana nyumbani kwa baba wa msichana, wanachinjwa hapo, na hapo ndipo ndoa inajulikana. Baba akiwa hai na mbuzi wakapita mlango wake, ni kama amezikwa.

"Si neno," Mwalimu alisema. "Mtoto ana haki. Nilikuwa naenda kasi."

Nilimwambia, "Mwalimu, ulikuwa themanini."

"Nani ajua? Zamani nilifikiri ni themanini. Sasa nikilala naona mia. Naona mia na kumi. Kioko, nimepiga ile hesabu mpaka sijui tena."

Hapo ndipo nilipojua nilichomwibia. Sikumnyima kweli peke yake. Nilikuwa nimemwachia nafasi tupu kichwani, naye akaijaza kwa uongo juu yake mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka minane.

Nilimwomba akae. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama. Theluji, Mlolongo, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi akieleza hesabu, bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Alhamisi ile, ukiweka upepo, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Themanini," alisema, si kwangu. Kisha akaniambia, "Nenda ukamwambie Mwende. Kwa mdomo wako. Mimi nikimwambia atasema najitetea." Akaondoka. Hakuniaga, na hajanisalimu tangu siku hiyo.

Nilimkuta Mwende Mlolongo siku ya Jumapili, anafua nguo kwenye beseni nje ya chumba chake. Alikuwa mwanamke mzima, sura ya mama yake. Nilijitambulisha, akasema, "Nakukumbuka, fundi." Nilimweleza hapohapo, karibu na kamba ya nguo. Hakulia. Aliendelea kufua shati moja, lile lile, hadi nikamaliza.

"Kwa hivyo mimi nimemwadhibu baba yangu kwa sababu wewe uliogopa watu watatu."

"Ndiyo."

"Ondoka, tafadhali."

Niliondoka.

Sikusikia neno mwezi mzima. Kisha Jumamosi moja ya Novemba, mvua imenyesha tangu alfajiri, pikapu iliingia karakanani. Ndani alikuwa Mwende na kijana aliyekuwa anamuoa, na nyuma, chini ya turubai, mbuzi watatu wakilalamika. Karakana ilikuwa imejaa watu waliojikinga mvua.

"Tunapanda Mua," Mwende alisema. Hakunisalimu. "Angalia tairi."

Nilizunguka gari. Nilibonyeza ukucha, nikapitisha mkono. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa na uvimbe ubavuni, mdogo kama yai la njiwa. Nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe mwaka uliopita, na sikukumbuka hata gari lile lilikuwa la nani. Watu walikuwa wakitazama. Nilisimama wima.

"Hili nililiuza mimi," nilisema kwa sauti, "na ni bovu. Usiende nalo."

Mmoja wa waliojikinga mvua alisema, "Ala! Fundi anajichomea mwenyewe." Wengine walicheka. Yule kijana alimtazama Mwende. Mwende alishuka, akaugusa ule uvimbe kwa kidole.

"Badilisha," alisema.

Nilibadilisha. Lile jipya na yale mengine hayakuwa ya matope, yalikuwa ya lami, sawasawa na inavyotakiwa kwa mtu anayekwenda Athi River kila siku. Kwa hiyo nilichukua kamba za katani, zile nene, nikazipitisha kwenye matundu ya rimu, mara tano kila gurudumu la nyuma, nikafunga mafundo kwa ndani. Nilimwonyesha kijana namna ya kuzifungua akirudi kwenye lami. Alisikiliza vizuri. Waliondoka, nami nikabaki nimesimama mvuani hadi mlio wa mbuzi ukapotea.

Sikualikwa, na sikustahili. Lakini nilijua mbuzi wanaenda mlango gani.

Jumatatu Mwende alipita akitoka Mua, akielekea kazini. Alishuka, akaweka kamba zangu juu ya benchi. Zilikuwa zimeoshwa hadi zikawa nyeupe, zimekaushwa na kukunjwa sawasawa, kila mkunjo urefu mmoja, kama kazi ya mtu wa hesabu.

"Baba ndiye aliyeziosha," alisema. "Amesema zikikaa na matope zitaoza."

"Amesema nini kingine?"

"Hajasema kingine."